Dada Yake Akiwa Zamu

Magoti ya Lesieli yalistaafu kabla yake. Mwenyewe alikuwa amebakiza miezi michache ya kazi, lakini magoti yalishakata shauri zamani, na kila alipoinama kuokota mto ulioanguka yalimsema kwa mlio. Asubuhi ile ya baridi alivua koti, akanywa chai yake amesimama, maana akishakaa kunyanyuka ni kazi, akangoja kugawiwa wagonjwa.

Ilikuwa wodi ya wazee, katika hospitali moja upande wa magharibi wa Sidni, na humo hofu ilikuwa moja tu: kuanguka. Wazee wanaanguka, jamani. Wanaanguka wakitafuta miwani, wanaanguka wakifuata slipa, wanaanguka wakiwahi zamu kwenye viwanda vilivyofungwa tangu enzi hizo. Mbele ya meza ya manesi palikuwa na ubao wa kuhesabu siku ambazo wodi imekaa bila mtu kuanguka. Akianguka mmoja, hesabu inarudi sifuri na wote mnatazamana. Na juu ya kila kitanda kulibandikwa karatasi ya manjano: BONYEZA KENGELE, USIANGUKE. Kana kwamba watu huanguka kwa kutojua kusoma!

"Lesi, leo nina zawadi yako," alisema Robyn, mkuu wa wodi. Robyn alikuwa mama mwema, tusimsingizie. Mtu wa kuleta keki ya mtu hata kama mwenyewe kasahau siku yake ya kuzaliwa. "Kitanda cha dirishani. Mzee wa kwenu, wa Tonga. Aliteleza kwenye ngazi za bintiye, nyonga ikavunjika, wameshaitengeneza. Kiingereza chake cha kuokoteza. Nimekupanga naye mpaka atakapokwenda nyumbani."

"Anaitwaje?"

"Kelepi. Jina la ukoo usiniulize, nitajing'ata ulimi."

Lesieli akaweka kikombe chini. Kina Kelepi ni wengi. Aliomba awe Kelepi mwingine.

Hakuwa mwingine. Alikuwa Kelepi mtoto wa mjomba wake, na kwetu, visiwani Tonga, mtoto wa mjomba si binamu. Ni kaka, sawa na mliyenyonya ziwa moja. Watu wa kwingine huogopa wakwe zao. Sisi mkwe hatutishi. Anayeogopwa ni dada. Mvulana akianza kuota ndevu haruhusiwi tena kulala nyumba moja na dada zake, anahamia nyumba ya wavulana, na tangu siku hiyo mpaka kaburini hafanyi mzaha mbele yao, wala halitaji mbele yao jambo la mwili. Choo ndiyo kabisa. Dada ndiye mkubwa, hata akiwa mdogo kwa miaka, na heshima yake kubwa ni kwamba kaka hamvunjii adabu. Kelepi alikuwa amemzidi Lesieli kwa miaka mingi. Aliwahi kumvusha vijito mgongoni akiwa mtoto, kabla ya ndevu. Baada ya ndevu walikutana misibani na kanisani, kila mtu upande wake.

Sasa mzee huyo alikuwa amelala na gauni la hospitali, lile la kufungwa kwa kamba nyuma na kuacha makalio yakipigwa na upepo. Alipomwona anayeingia alivuta shuka mpaka kidevuni, akageukia dirisha.

"Umeamkaje, kaka?" Lesieli aliuliza, naye akiangalia dirisha.

"Salama, dada. Baridi tu."

"Na viazi vikuu vyako uani kwa bintiyo Pisila, vimeshika?"

"Vimeshika. Vijinga vile havijui kwamba hapa si kwao."

Wakacheka kidogo, kila mmoja na kioo chake cha dirisha. Kisha Lesieli akafanya kazi yake. Nesi wa pale kila akipita kitandani anauliza mambo matatu: unaumwa, una kiu, unataka choo? La kwanza aliuliza. La pili aliuliza. La tatu aliliruka, akapandisha blanketi na kuondoka.

Akamwendea Dipesh, nesi kijana kutoka Nepali waliyekuwa zamu pamoja.

"Dipesh, yule wa dirishani ni kaka yangu. Wewe ndiye utakayempeleka kule."

"Kule wapi?"

"Kule!"

"Aa, choo—"

"Shhh! Anasikia yule."

Dipesh alicheka mpaka akajishika kiuno. "Mama Lesi, kwetu mke wangu hawezi hata kumtazama usoni kaka yangu mkubwa. Naelewa sana. Lakini bure hakuna."

"Nitakuchukulia Beryl."

"Pamoja na uji wake?"

"Pamoja na uji wake."

Dipesh akampa mkono hapo hapo kabla hajabadili mawazo. Beryl alikuwa bibi mdogo kama kuku wa kienyeji, kitanda mkabala na Kelepi, na kila asubuhi alirusha uji. Akimwona Lesieli alimwita wifi yake na kumdai birika. "Mwizi wee! Birika la mama yangu liko wapi?" Lesieli alijifuta uji shingoni na kujibu, "Nimelisahau nyumbani, wifi, kesho nitakuletea." Miaka yote ya unesi ilikuwa imemfundisha kwamba kubishana kunachosha kuliko kukubali.

Mambo yakaenda. Kelepi alianza kutembea na fremu, Dipesh ubavuni, wakipita na kurudi kama maharusi. Lesieli alimpa dawa, alimpima presha, akamsimulia za kanisani. Likifika lile jambo lingine, alikohoa mara moja na Dipesh akatokea. Hata ubao ukapanda mpaka Robyn akaanza kuahidi keki.

Pisila, binti wa Kelepi, alikuja na majani ya magimbi aliyofungia nyama na tui. Alimwinamia Lesieli kabla ya kukaa, maana shangazi kwetu ndiye mkubwa wa nyumba nzima, akishapita yeye ni Mungu. Lakini Pisila alizaliwa Sidni, na mengine alikuwa akiyajua kwa juu juu tu.

"Shangazi, nikwambie," alisema kwa sauti ya chini wakiwa ukumbini. "Daktari kaniita. Akitembea vizuri mpaka Ijumaa, anarudi kwangu. Nimeshapaka rangi chumba cha chini, hakina ngazi, dirisha linatazama viazi vyake. Akianguka tena, basi. Wanampeleka nyumba ya kutunzia wazee, na penye nafasi ni mbali, mwendo wa saa mbili kwa gari. Mimi na kazi yangu ya zamu nitamwona lini?"

"Hataanguka."

"Najua. Tangu niliposikia ni wewe unayemwangalia, nalala usingizi. Baba akiwa na dada yake, mimi sina wasiwasi."

Lesieli alitaka kumwambia, mwanangu, hapo hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi. Lakini Pisila alikuwa na macho mekundu ya kukesha na mikono inayonuka sabuni ya kiwandani, na yeye Lesieli miguu ilikuwa ikimpwita. Akasema, "Mungu yupo." Hilo halikuwa jibu, na alijua.

Jumatatu Dipesh akahamishwa. Wodi ya juu walikuwa na upungufu, na siku hizi upungufu ndio mtumishi pekee asiyekosa kazini. Badala yake aliletwa nesi binti wa kukodi, wa siku moja moja, asiyejua hata shuka zinakaa wapi.

Lesieli akaenda kwa Robyn.

"Naomba unibadilishie kitanda cha dirishani. Yule ni kaka yangu."

Robyn aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta. "Kaka! Mbona hukusema? Mtoto wa mama yako?"

"Wa mjomba wangu."

"Oo, binamu." Robyn akapumua. "Umenishtua. Binamu haina shida, Lesi. Tena ni vizuri zaidi, ni familia. Yule binti wa kukodi hawezi kusema naye hata neno moja. Nivumilie mpaka Ijumaa, tafadhali. Sina mtu."

Maneno yalikuwepo. Lesieli angeweza kuvuta kiti, akae, aseme: sikiliza Robyn, huyu mtu ataona afadhali avunjike kuliko kunifanya mimi nimpeleke haja. Angeyasema, Robyn angeyasikia, maana si mtu mbaya. Lakini kuyasema hayo ni kueleza mjomba, na kueleza dada, na nyumba ya wavulana, na mwisho wake kuulizwa "lakini wewe si ni nesi?" Alikuwa ameshaeleza mengi kwenye nchi hii. Aliyaeleza kwa walimu wa wanawe, akayaeleza benki, akayaeleza kwa majirani walioita polisi kwa sababu ya nyimbo za msiba. Alichoka, haki ya Mungu alichoka. Akasema, "Sawa."

Kesho yake, Jumanne, kikombe cha maji cha Kelepi kilibaki kimejaa kutwa. Chai hakugusa. Supu hakugusa.

"Kunywa maji, kaka."

"Nimeshiba, dada."

"Mtu hashibi maji asiyoyanywa."

"Nitakunywa baadaye."

Lesieli alielewa. Alikuwa akijikausha. Asiyekunywa haendi kule, na asiyekwenda kule hamsumbui dada yake. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na presha yake ilikuwa imeshuka, ya mtu atakayeona kizunguzungu akisimama. Akamtuma binti wa kukodi ampeleke; wakaenda, wakarudi salama, naye Lesieli akapumua. Jumatano vivyo hivyo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, akawaza, na huyu wangu hata maji hanywi.

Alhamisi, siku moja kabla ya kwenda nyumbani, binti wa kukodi alikwenda kula. Mchana ule wodi nzima ilikuwa imetulia, wazee wamelala na midomo wazi. Lesieli alipita mbele ya kitanda cha dirishani akamwona Kelepi yu macho, amekaza magoti pamoja, anaangalia saa ya ukutani. Akapita tena. Bado. Kelepi alimtazama mara moja, akatazama mlango, na Lesieli akajua kabisa anachokingoja. Alikuwa anangoja yeye atoke.

Akapiga simu wodi ya juu. "Nipeni Dipesh dakika tano tu." Yuko na mgonjwa, wakasema, atakuja akimaliza. Akakohoa, kama zamani, kana kwamba kikohozi kitaleta mtu. Akasogea kitandani, akafungua kinywa. Neno lilikuwa dogo. Mtoto wa chekechea hulisema kwa mwalimu wake mbele ya watu. Akasema, "Kengele yako iko hapa, kaka. Ukihitaji chochote, bonyeza."

"Ndiyo, dada."

"Chochote."

"Nimesikia, dada."

Hapo Beryl akamwaga chai yake mapajani na kupiga kelele za kuungua. Lesieli akakimbia, akavuta pazia, akaanza kumvua nguo zilizolowa. "Mwizi! Unanivua na nguo sasa!" Chai ilikuwa vuguvugu, ngozi haikuwa na kitu. Lesieli alikuwa ameshika gauni kavu aliposikia kishindo.

Sauti ile nesi yeyote anaijua. Haifanani na kiti kuanguka wala sinia. Aliachia gauni la Beryl likaanguka.

Kelepi alikuwa sakafuni, katikati ya kitanda na mlango wa choo. Sakafuni kando ya kitanda chake palikuwa na ule mkeka wa kengele, unaolia mgonjwa akiukanyaga, na haukulia, kwa sababu mzee hakuukanyaga. Alikuwa ameuruka. Mtu wa nyonga mpya, mwenye kizunguzungu cha kiu, alipiga hatua ndefu kuuvuka mkeka ili dada yake asisikie! Na kabla ya hapo alikuwa amejifunga kiunoni mkeka wake wa heshima, ule ambao wanaume wa kwetu hujifunga juu ya nguo kwenda kanisani, alioletewa na Pisila kwa ajili ya Ijumaa, kuziba uwazi wa gauni. Haukufungwa sawasawa. Ulikuwa umemshuka mpaka kwenye mapaja, na gauni lilikuwa limelowa. Kengele ya kubonyeza ilikuwa juu ya mto, pale pale alipoiweka Lesieli.

"Usije, dada."

"Nimeshakuja."

"Mwite yule kijana."

"Hayupo. Nipo mimi."

"Sina nguo." Sauti ilimtoka nyembamba. Mguu wake ulikuwa umegeuka nje kwa namna ambayo Lesieli hakuhitaji daktari kumfasiria.

"Sijaona kitu," alisema, naye alikuwa ameona kila kitu. Akabonyeza kengele ya hatari ukutani, akavua sweta lake, akamfunika huku macho yake yakiwa darini. Kisha akashuka chini, magoti yakalia, akaketi sakafuni akimpa mgongo, amkinge na watu wote watakaokuja mbio.

"Tulia, usijigeuze. Mimi ni dada yako, nikisema unasikia."

"Nasikia."

Akasikia pumzi zake nyuma yake, fupi fupi. Hakutakiwa kuuliza wakati ule, lakini akauliza.

"Kwa nini hukubonyeza, kaka?"

"Ningebonyeza," alisema Kelepi, "angekuja nani?"

Lesieli akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na mzee akaushika ukingo wa mkono wa gauni lake la kazi, kitambaa tu, wala si mkono. Wakakaa hivyo mpaka watu wakaja.

Jioni Robyn alimwita ofisini na kufunga mlango. Kwenye ubao hesabu ilikuwa sifuri.

"Nisaidie nielewe," alisema Robyn. Hakuwa mkali. "Kengele ilikuwa karibu. Alikuwa na akili zake zote. Kwa nini hakubonyeza?"

Lesieli akamweleza. Safari hii alivuta kiti, akakaa, akayasema yote tangu mjomba mpaka nyumba ya wavulana, na hayakuchukua muda. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba hayakuchukua muda.

"Ungeniambia, Lesi!"

"Nilikuambia. Jumatatu."

"Uliniambia binamu."

"Nilisema kaka. Binamu ulisema wewe."

Robyn akawa mwekundu mpaka masikioni, macho yakajaa maji. Lesieli hakuona raha yoyote.

"Usilie," alisema. "Nilikuambia mara moja nikachoka. Ilinipasa nikuambie mara ya pili. Lawama hii tugawane."

Kelepi akapasuliwa mara nyingine, akapelekwa wodi ya upasuaji. Akapona kidonda, lakini madaktari walisema la kwao: kwa binti hapana. Nyumba ya wazee, ile ya mbali, gari litakuja Alhamisi ijayo. Pisila hakumlaumu mtu. Alimwinamia shangazi yake kama kawaida, kisha akauliza jambo moja tu.

"Ulikuwepo, Shangazi?"

"Nilikuwepo."

Pisila akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayejaribu kuelewa hesabu. Afadhali angetukana.

Siku yake ya mapumziko Lesieli alivaa nguo za kwenda kwa watu, akaenda kumwona kaka yake kama mgeni. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, ubavu kwa ubavu na ukuta. Pisila alikuwa ameshuka kununua kahawa. Wakazungumza habari za viazi, nani atavipalilia. Kisha magoti ya Kelepi yakakazana chini ya shuka. Kikombe cha maji mezani kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni.

Lesieli aliona. Njia nyepesi ilikuwepo, ile ile ya siku zote: asimame, aseme ngoja nikamwangalie Pisila, atoke. Angetoka, naye angehangaika peke yake, na heshima ingebaki safi kama sahani isiyoliwa. Akabaki.

"Bonyeza, kaka."

Kelepi akatazama dirisha. Kengele ilikuwa mkononi mwake, na kidole hakikwenda.

Lesieli akainuka, akaenda mpaka kitandani, akaichukua ile kengele na kuibonyeza mwenyewe. Nesi akatokea mlangoni, msichana mgeni, anauliza nini mzee, nini? Mzee akavuta shuka kidevuni. Lesieli akageukia ukuta.

"Kaka yangu anataka kukojoa," alisema kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia. "Mleteeni mwanamume. Na huko mnakompeleka Alhamisi, waambieni hivyo hivyo: wanaume tu, na wamuulize wao, wasingoje aseme yeye. Wakisahau nipigieni simu, nitawaambia tena."

Akaja mhudumu mwanamume, kipande cha mtu, akavuta pazia. Lesieli akatoka ukumbini akasimama, mashavu yanawaka. Akalisikia pazia likifunguliwa, mhudumu akapita anapiga mluzi, naye akarudi kwenye kiti chake cha mlangoni.

"Dada," alisema Kelepi akitazama dirisha.

"Naam."

"Umelisema."

"Nimelisema."

Mzee akatazama juu. "Na dari halikuanguka," alisema.

"Halikuanguka, kaka." Sauti ilimkatika hapo, akaacha machozi yamtoke, maana gari la Alhamisi lilikuwa halirudishiki tena.

Kelepi hakugeuka kumtazama, kwa adabu. Alinyoosha mkono wake uliokonda, akachukua kikombe, akanywa maji yote mpaka chini, akakishikilia kitupu upande wake aongezewe.